Kutoka Mtwara au Lindi hadi Dodoma kwa treni ya SGR: anza kupanga stendi, si stesheni

Mtu wa Kusini anayetaka kwenda Dodoma kwa treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa inayoanzia Dar es Salaam, ana kazi moja kubwa kabla hajaiona hiyo treni, nayo ni kufika Dar es Salaam. Treni yenyewe ni saa tatu na nusu hadi nne tu. Basi la kukufikisha kwenye treni ni kutwa nzima. Ndiyo maana maelekezo mengi ya SGR hayatusaidii sana: yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeamka Kinondoni, anaita bodaboda, na muda si mrefu yuko getini. Haya ni ya anayeamka Mkanaledi, Newala, Nachingwea au Kilwa Masoko.

Wazee wetu wengine watakwambia treni si kitu kigeni huku, na ni kweli. Enzi za mpango wa karanga wa Waingereza palijengwa reli kutoka bandari ya Mkwaya, karibu na Lindi, kwenda Nachingwea, baadaye ikaunganishwa na Mtwara na Masasi. Karanga zikashindwa, na reli ikafungwa 1962, kisha ikang'olewa. Reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay inazungumzwa kwa miaka. Mpaka itakapojengwa, stesheni yetu iko Dar.

Hatua ya kwanza: weka usiku mmoja katikati

Mtwara hadi Dar ni yapata kilomita 560. Ukianzia Lindi mjini ni kama 450. Basi la saa 12 asubuhi kutoka Mtwara, likienda vizuri, linaingia Mbagala saa 10 au 11 jioni. Hilo "likienda vizuri" limebeba mambo mengi: mizani, matochi ya trafiki, pancha, abiria wa Nangurukuru anayeshuka na viroba vyake vyote vimewekwa chini kabisa ya buti. Kisha kuna mvua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara upande wa Somanga na magari ya Kusini yakakwama kwa siku kadhaa. Asiyesafiri masika anaweza kulisahau hilo. Anayesafiri Machi, Aprili au mwanzo wa Mei asilisahau.

Kwa hiyo basi leo, treni kesho. Usiruhusu konda akupangie vingine. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Mama, treni yako saa ngapi?"

"Saa 12 jioni, mwanangu."

"Aa, saa 10 tupo Mbagala. Ondoa shaka kabisa."

Saa 12 hiyo mama yuko Kibiti, anauziwa machungwa dirishani, na treni inaondoka bila yeye. Konda hakudanganya, alisema anachokitamani. Lakini treni haisubiri basi, na aliyekukatia tiketi ya treni hajui wala hahusiki na basi lako.

Njia nyingine ni basi la usiku. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na ya Kusini yamo. Ukiondoka jioni unaingia Dar alfajiri au asubuhi, na hapo unaweza kupanda treni ya mchana au ya jioni siku hiyohiyo. Usikate ya asubuhi. Hata basi likiwahi, utafika na macho mekundu, hujaoga, na unakimbizana na foleni ya Barabara ya Kilwa wakati mji mzima unakwenda kazini.

Mwenye uwezo wa kupanda ndege ya Mtwara kwenda Dar yeye ni mwepesi: anaruka asubuhi, anapanda treni alasiri. Naye aache nafasi ya saa kadhaa kati ya ndege na treni, maana ndege pia huchelewa.

Hatua ya pili: kitambulisho, na herufi za jina lako

Hapa ndipo penye usumbufu wa kijinga kuliko wote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tiketi ya SGR ina jina la abiria na namba ya kitambulisho. Kitambulisho cha taifa cha NIDA ndicho rahisi. Wasio nacho hutumia cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Getini unaonyesha tiketi na kitambulisho, na viwili hivyo visomeke kama mtu mmoja.

Sasa fikiria majina yetu. Bibi anaitwa Hadija Saidi kwenye kadi ya NIDA. Mjukuu aliyeko chuo, ndiye anayejua mambo ya simu, anamkatia tiketi na kuandika Khadija Said kwa sababu ndivyo anavyoona ni sahihi. Au kadi ina majina matatu na mjukuu anaandika mawili, la mwisho akiweka lile la ukoo ambalo bibi hajawahi kulitumia popote. Mkaguzi mwenye moyo mzuri atapitisha. Lakini huna haja ya kuutegemea moyo wa mtu.

Fanya hivi: kabla hujampigia mtu wa kukukatia tiketi, piga picha ya kitambulisho chako mahali penye mwanga, mtumie hiyo picha, na umwambie aandike kama ilivyo, herufi kwa herufi, hata kama anaona "imekosewa". Namba ya NIDA ni ndefu, tarakimu 20. Usiisome kwa simu ukiwa sokoni.

Mtoto naye ana utaratibu wake. Nauli zilipotangazwa 2024 na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, walio chini ya miaka minne hawakulipishwa, na wa miaka minne hadi 12 walilipa nusu. Beba cheti cha kuzaliwa au nakala yake, hasa kama mtoto ana umbo kubwa. Mtoto wa miaka 11 mwenye mabega ya kubeba magunia atakuletea maswali.

Hatua ya tatu: kata tiketi

Wenzetu wa Dar wanaweza kwenda dirishani stesheni. Kwetu dirisha ni mtandao, yaani tovuti ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Unachagua unakotoka (Dar es Salaam) na unakokwenda (Dodoma), tarehe, treni, daraja, halafu kiti. Unajaza jina, aina ya kitambulisho na namba yake, na namba ya simu. Mfumo unakupa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroli namba, unalipia kwa simu au benki, kisha tiketi inakuja.

Kontroli namba si tiketi. Kuna watu wameipata, wakafurahi, wakaenda kulala. Ina muda wake, na usipolipa kiti kinarudi sokoni. Ipate ukiwa tayari una salio, pamoja na la makato.

Kwenye kuchagua treni utaona kuna za kawaida na za haraka. Ya kawaida husimama vituo vingi njiani na inakaribia saa nne hadi Dodoma. Ya haraka husimama vichache, inatumia kama saa tatu na nusu, na nauli yake iko juu. Treni ya mchongoko, ile yenye pua ndefu iliyoanza kubeba abiria Novemba 2024, nayo hukimbia kama hizo za haraka. Kasi ya juu ya reli hii kwa treni za abiria ni kilomita 160 kwa saa.

Je, ulipie ya haraka? Ukiniuliza mimi, mtu aliyetoka Mtwara kwa basi kutwa nzima hapati faida kubwa kwa kuokoa nusu saa. Nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya kawaida, Dar hadi Dodoma, ilitangazwa Sh 31,000 mwaka 2024, na kwa hela hiyo unakaa kwenye kiti kizuri, kipupwe kinapiga, choo kipo. Kinachobakia kitakulipia gesti. Lifuate saa linalokufaa la kuondoka, si jina la treni. Ya haraka ichukue kama ndiyo inayoondoka kwa wakati wako, au kama unakimbilia kikao.

Usisubiri hadi siku mbili kabla ndipo ukate kama safari yako inaangukia sikukuu, vyuo vinapofungua, au wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ambapo nusu ya nchi ina shughuli Dodoma. Agosti kuna Nanenane. Na usinunue tiketi kwa mtu aliyesimama nje ya stesheni anayesema anayo "ya dharura". Tiketi hiyo ina jina la mtu mwingine.

Hatua ya nne: mizigo, hapo ndipo Kusini tunapokwama

Tumezoea basi. Basi lina buti, lina makubaliano, na konda unamkaushia macho anapandisha kiroba cha tatu. Treni ya SGR haina mambo hayo. Mzigo unapita kwenye mashine ya ukaguzi, unapimwa, na ndani unauweka juu ya kiti chako au mahali palipotengwa. Mzigo mkubwa utazuiliwa getini, na saa hiyo ndugu yako aliyekusindikiza keshaondoka.

Kinachofaa ni begi moja la magurudumu na begi dogo la mkononi. Korosho zilizobanguliwa zinakwenda vizuri: zifunge kilo mbilimbili kwenye mifuko migumu, zipange chini ya nguo, hazinuki wala hazisumbui mtu. Ndizi za kukaanga, karanga, ubuyu, sawa. Ngisi mkavu na samaki wa kubanikwa ni suala jingine. Behewa limefungwa, hewa ni ya mashine, na mwenzako wa kiti cha jirani ana saa nne za kukaa na samaki wako. Ukishindwa kabisa kuwaacha, wafunge mara tatu kwenye nailoni, uwaweke ndani ya ndoo yenye mfuniko mkali, na ndoo iwe ndogo.

Gunia la mihogo, madafu, nazi nzimanzima: yote hayo yapeleke kwa basi la mizigo kutoka Dar kwenda Dodoma, yakutangulie au yakufuate. Mafuta ya taa, petroli, mtungi wa gesi, panga na visu vikubwa, usifikirie. Nataja panga kwa sababu kuna wazee wetu ambao panga kwao ni kama kalamu, limo begini muda wote na hawalikumbuki.

Beba shuka au kitenge cha kujifunika. Sisi ni watu wa joto, na kipupwe cha ndani kinauma ukikaa nacho saa nne. Juni na Julai, Dodoma yenyewe ina upepo wa baridi asubuhi na usiku.

Hatua ya tano: usiku wa Dar

Mabasi ya Kusini mengi humalizia Mbagala Rangi Tatu na maeneo ya Temeke. Mengine huenda hadi Mbezi. Uliza kabla hujakata tiketi ya basi, na chagua linaloishia Mbagala, kwa sababu liko upande wako na huna haja ya kuvuka mji.

Mbagala ni kwetu. Kila familia ya Kimakonde, Kimwera au Kiyao ina mjomba, shangazi au mtoto wa dada pale, na usiku mmoja si wa kulipia gesti. Tatizo ni asubuhi. Kutoka Mbagala kwenda katikati ya mji, foleni ya Barabara ya Kilwa inaweza kukumaliza. Kama treni yako ni ya saa 12 au saa 1 asubuhi, mwambie mjomba ukweli kwamba utatoka usiku, na mzungumze na bodaboda au bajaji ya mtaani mnayoifahamu tangu jioni. Au lala Gerezani au Kariakoo, gesti zipo za kila bei, na asubuhi unatembea au unapanda bajaji dakika chache.

Hatua ya sita: stesheni, na Magufuli wawili

Hili ndilo linalopoteza watu. Dar es Salaam ina Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, na ina Stesheni ya Magufuli ya SGR, katikati ya mji upande wa Gerezani. Kati ya Magufuli hawa wawili kuna mji mzima. Ukimwambia dereva "nipeleke Magufuli" ukiwa na mabegi, atadhani unakwenda kupanda basi la mkoani, na kwa haki atakupeleka Mbezi.

Ukisema "stesheni" tu, unaweza kushushwa kwenye stesheni ya zamani ya reli ya kati, iliyo karibu, na hapo si haba, utatembea. Ukisema "treni" kwa mtu wa Temeke, anaweza kukupeleka TAZARA, ambako treni ni za kwenda Zambia kupitia Mbeya.

Maneno ya kusema ni haya: "Stesheni ya SGR, Gerezani." Rudia. Kama ni kijana wa bodaboda, mwonyeshe na tiketi.

Anayetoka uwanja wa ndege au aliyelala Gongo la Mboto ana njia ya mkato, kituo cha Pugu. Treni za kawaida husimama pale. Lakini tiketi iseme Pugu tangu unapoikata, na uhakikishe treni uliyochagua inasimama hapo, maana za haraka zinaweza kukupita mbele ya macho.

Fika saa moja na nusu hadi saa mbili kabla. Najua inaonekana ni nyingi kwa mtu aliyezoea kudandia basi linaloondoka, lakini kuna foleni ya ukaguzi wa mizigo, kuna geti la kusoma tiketi, kuna ngazi za umeme, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka. Jengo ni kubwa. Mzee ambaye hajawahi kupanda ngazi ya umeme mtafutie lifti, asilazimishwe kujifunza siku hiyo. Tiketi iwe imehifadhiwa kama picha kwenye simu, usitegemee intaneti ifunguke getini, na simu iwe na chaji. Ukiichapisha kwenye karatasi pale stendi ya Mtwara kabla ya kuondoka, bora zaidi.

Ndani ya treni

Tafuta behewa lako kwanza, kiti baadaye. Viti vina namba, hakuna kusukumana, na kugombea dirisha hakusaidii. Baadhi ya viti vinatazama nyuma. Mwenye kichefuchefu cha safari amwombe mwenzake wabadilishane kabla treni haijachanganya mwendo.

Ukipata dirisha la kushoto ukielekea Dodoma, utaiona milima ya Uluguru mnapokaribia Morogoro. Baada ya Morogoro treni inaingia upande wa Kilosa, milima inasogea, kuna mahandaki, giza la ghafla na watoto wanapiga kelele. Ukitoka huko nchi inabadilika: mibuyu, vichaka vikavu, ardhi nyekundu ya Wagogo. Waliolala tangu Pugu, na wengi hulala kwa uchovu wa basi, hukosa sehemu nzuri kuliko zote.

Chakula kinauzwa ndani, kwa bei ya ndani. Kula kabla.

Kufika Dodoma

Stesheni ya Dodoma inaitwa kwa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, ndiye aliyezindua safari hizi tarehe 1 Agosti 2024. Nje kuna teksi, bajaji na bodaboda. Kabla hujapatana bei, jua unakwenda Dodoma ipi, kwa sababu mji umetawanyika. Anayekwenda kumwona mtoto UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, au mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa anaelekea upande mmoja, kwani hospitali iko jirani na chuo. Anayekwenda wizarani aseme Mji wa Serikali, Mtumba, ambao uko nje kabisa ya mji kwenye barabara ya Dar. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, kwa hiyo treni ya asubuhi kutoka Dar inaweza kukuingiza Dodoma ukakuta saa zinakimbia. Mwenye shughuli Mtumba apande treni ya siku iliyotangulia.

Kurudi

Kurudi ni kwepesi kuliko kwenda, kwa kuwa sasa treni inatangulia na basi linafuata. Treni ikiingia Dar mchana, una muda wa kushuka Mbagala, kula, na kupanda basi la usiku likufikishe Lindi au Mtwara asubuhi. Basi hilo likate tangu ukiwa Dodoma, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati wa minada ya korosho, watu wana hela na mabasi yanajaa. Ukiona treni yako inaingia Dar saa 2 usiku au zaidi, lala kwa mjomba.

Zabibu za kuwapelekea nyumbani zinunue asubuhi ya kuondoka, si jana yake, na zikae kwenye boksi lenye matundu. Kwenye basi usikubali ziingie buti: zipakate mpaka Mingoyo.